Kordoma ya fuvu kwa watoto ni nini?

Kordoma ni saratani ya mfupa inayotokana na masalia ya notokodi, ile kamba laini inayotangulia uti wa mgongo mtoto angali tumboni mwa mama yake. Mifupa ya mgongo ikishajengeka kamba hiyo hutoweka, ila chembe chache huweza kubaki. Ni nadra sana zigeuke saratani: takriban mtu 1 katika milioni kwa mwaka, na wengi ni watu wazima. Kwa watoto hutokea zaidi kwenye sakafu ya fuvu, katika mfupa ulio nyuma kabisa ya pua, unaopakana na shina la ubongo.

Kwa nje huoni uvimbe wowote. Huko ndani unabana mishipa ya fahamu, na mara nyingi unaoanza kulemewa ni ule unaovuta jicho litazame upande wa nje. Mtoto anaona vitu viwiliviwili, lakini hasemi. Anaziba jicho moja anaposoma ubaoni, au anageuza shingo ili aone vizuri. Kichwa kinamuuma, baadaye anapaliwa na maji, sauti inabadilika. Makengeza yanayomzukia mtoto aliyekuwa anaona sawa yasiishie kwenye miwani. Apigwe picha ya kichwa, ya MRI (mashine ya sumaku) ikipatikana.

Hapa Uganda, saratani ya kichwani kwa mtoto wengi wanaijua kwa limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandikia mwaka 1958. Ile hukaa tayani lakini si saratani ya mfupa. Hukua kwa kasi, na dawa za kemo huweza kuiyeyusha. Aliyewahi kuona taya la mtoto likinywea baada ya dripu hutarajia hayo hayo, na inauma kumwambia kwamba kordoma haisikii sana kemo. Hiyo huhitaji upasuaji, mara nyingi kupitia puani, kisha mionzi ya kiwango cha juu. Ndiyo maana mashine ya mionzi ni roho ya mtu: ile ya pekee nchini, pale Mulago, ilipokufa mwaka 2016, mpya ilizinduliwa Januari 2018.

Saratani nyingine za mfupa, kama sakoma ya Ewing, nazo huweza kushika fuvu, na hiyo husikia kemo. Picha peke yake haizitenganishi vya kutosha. Lazima kinyama kikatwe kipimwe maabara. Mzazi, usianze safari ya matibabu kabla hujaandikiwa jina kamili la saratani ya mwanao.