Selimundu haitoki upande mmoja

Mtoto akigundulika kuwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda seli nyekundu za damu, familia nyingi huanza kuuliza damu hiyo imetoka upande gani, na lawama humwangukia mama. Kazi yangu ni ushauri nasaha wa vinasaba. Nimesikia mawifi wakimwambia mzazi, mtoto mgonjwa akiwa mgongoni, kwamba ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa huo. Inaniuma sana, kwa sababu namna selimundu inavyorithiwa ilishafahamika tangu 1949, na haitoi nafasi kwa lawama hiyo.

Himoglobini ni protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni, yaani kinasaba, inayotengeneza sehemu yake iitwayo beta: moja ya baba, moja ya mama. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu (uzi wa DNA unaobeba jeni) namba 11. Nakala ya kawaida tunaiandika A, yenye hitilafu tunaiandika S. Hitilafu yenyewe ni herufi moja tu ya DNA. Mwanasayansi Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba katika protini nzima kilichobadilika ni asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini: mahali pa asidi ya glutamiki imekaa valini. Basi himoglobini hiyo ikipungukiwa oksijeni hushikamana ikawa nyuzi ngumu, na seli nyekundu hupinda. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo sababu watoto hawa hupungukiwa damu. Zikikwama kwenye mishipa midogo huleta yale maumivu makali ya mifupa ambayo mzazi hayasahau akishayaona.

Mwenye AA hana S. Mwenye SS anaumwa. Mwenye AS ni mbebaji: A yake moja inatosha kumfanya aishi kwa kawaida bila dalili, tena wengi huzeeka bila kujua. Ili mtoto awe SS lazima apewe S na baba, na S na mama. Zipo aina nyingine ambazo S hukutana na hitilafu tofauti ya jeni hiyo hiyo, na huko nako wazazi wote wawili wamechangia. Ukoo unaweza kupitisha S vizazi vitatu au vinne asionekane mgonjwa hata mmoja, mpaka AS aoane na AS. Kwa hiyo "kwetu haupo" si ushahidi wa chochote.

AS akizaa na AS, uwezekano wa mtoto kuwa SS ni robo. Hapa ndipo watu wengi hukosea: hudhani kwamba katika watoto wanne mmoja ataumwa na watatu watapona, au kwamba aliyetangulia kuumwa amewabebea wadogo zake. Sivyo. Kila mimba ni kurusha sarafu mbili upya, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Wapo wenye watoto wanne wazima na wapo wenye watatu, wote SS, ilhali wazazi wao wana vinasaba vya aina moja.

Na huyo kaka mzima wa mgonjwa, je? Ondoa SS, maana tumeshajua haumwi. Zinabaki njia tatu zenye uzito sawa: A kwa wote wawili, S ya baba na A ya mama, au A ya baba na S ya mama. Mbili kati yake ni AS. Uwezekano wa yeye kuwa mbebaji ni theluthi mbili. Apimwe kabla ya kuoa.

Kwa nini basi S haijatoweka, ikiwa imeua watoto wengi kiasi hiki? Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa jibu kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki: AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana S ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu walikuwa wachache. Mbebaji hajabeba laana. Wazee wake wengi walivuka utoto kwa sababu ya nakala hiyo.

Kuhusu vipimo, kile cha haraka cha kuangalia kama seli zinapinda hakitofautishi AS na SS. Omba elektroforesisi ya himoglobini, yaani kipimo kinachotenganisha A na S kwa umeme, au kipimo kingine kinachotaja aina zote mbili, na baba naye apimwe, si mama tu. Kama mtoto ameongezewa damu karibuni, mwambie mtu wa maabara, kwa sababu A ya mchangiaji itaonekana kwenye majibu na SS anaweza kusomeka kama AS. Kwa kawaida tunasubiri miezi mitatu hivi, mpaka seli za mchangiaji ziishe.