Je, wajua kwa nini kidonge chako cha aleji hakimtulizi mbwa anayejikuna?

Kwa miaka niliamini kwamba mbwa asiyeacha kujikuna ana viroboto au ukurutu. Akiogeshwa dawa na bado anajikuna, basi ni aleji, na aleji nani asiyeijua? Setirizini moja, usingizi, asubuhi kumepoa. La viroboto lina ukweli: hao humalizwa kwanza. La setirizini ndilo lililoniumbua.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni atopi, uvimbe sugu wa ngozi unaoanza mara nyingi mbwa akiwa na miezi 6 hadi miaka 3. Hulamba nyayo, hukuna masikio, kwapa na tumbo. Hauponi, hudhibitiwa.

Mimi nilidhani mwasho wowote ni kazi ya histamini, kemikali ya mwilini ambayo setirizini huizuia. Lakini daktari wa mifugo anapompima mbwa aleji, humdunga histamini kwenye ngozi kwa makusudi, apate kipimo cha kulinganishia. Ngozi inavimba vizuri kabisa. Mwenye ngozi mara nyingi hana habari! Mtu angekuwa ameshajikwangua.

Mwasho wa mbwa hutegemea zaidi interlukini 31, protini inayotolewa na seli za kinga na kufika moja kwa moja kwenye mishipa ya fahamu. Mbwa wazima aina ya beagle walipodungwa protini hiyo, walianza kujikuna.

Chukulia sherehe ya jirani. Seli za kinga ndizo DJ, mshipa wa fahamu ni spika, interlukini 31 ni waya unaoviunganisha. Kumpa mbwa setirizini ni kwenda kumgombeza jirani asiye na sherehe. Steroidi hukata umeme mtaa mzima: kelele inakwisha, lakini friji nazo zinazima, ndiyo maana mbwa hupata kiu, njaa na mikojo isiyoisha. Dawa ya oklasitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, huchezea swichi ndani ya spika, ingawa swichi hiyo inatumiwa na vyombo vingine pia. Dawa nyingine, lokivetimabu, hukata waya tu. Ni kingamwili inayoinasa interlukini 31 kabla haijafika, na sindano moja huweza kutosha mwezi.

Si kila mbwa hutulia kwa sindano hiyo. Inaelekea baadhi yao wana nyaya nyingine. Ngozi ikishaingiliwa na bakteria au fangasi, hao nao watibiwe. Setirizini huwasaidia wachache, kidogo, hasa ikiwahi kabla ngozi haijachafuka. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini ni jambo jingine kabisa: vinaweza kumuua. Na oili chafu ya gari, ile tiba ya mtaani, ni sumu, kwani akijilamba anaimeza.

Kingamwili ile, kwa njia, asili yake ni ya panya. Ilibadilishwa ifanane na ya mbwa ili mwili wake usiishambulie kama mgeni. Paka anayejikuna hapewi.