Kesi ya Jinai Si Mali ya Mlalamikaji: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Makosa mengi ya jinai Tanzania Bara yameainishwa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo chimbuko lake ni sheria iliyotungwa na serikali ya mkoloni Mwingereza mwaka 1930, na utaratibu wa kuendesha kesi umewekwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. (Zanzibar ina sheria zake na Mkurugenzi wake wa Mashtaka, kwa hiyo makala haya hayaihusu moja kwa moja.) Wengi wetu hatujawahi kuzisoma sheria hizo. Tunayoyajua kuhusu jinai tumeyasikia kituo cha polisi, kijiweni na kwenye taarifa za habari, na baadhi yake hayana ukweli.

"Kesi ni yangu, nikitaka naifuta"

Hati ya mashtaka husomeka "Jamhuri dhidi ya", kisha jina la mshtakiwa. Jina la aliyeibiwa au aliyepigwa halikai upande wa pili, kwa sababu mbele ya sheria yeye ni shahidi, hata kama ndiye aliyeumia na ndiye aliyekwenda kuandikisha maelezo. Jinai huhesabiwa kuwa kosa dhidi ya jamii nzima, na ndiyo maana mamlaka ya kushtaki yamekabidhiwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Matakwa ya mlalamikaji hayakutajwa hapo.

Dhana hii huleta madhara makubwa zaidi katika kesi za ubakaji na za wanafunzi waliopewa mimba. Wazee wa pande mbili hukutana, fedha au mifugo ikatolewa, kisha baba wa binti akaenda kituoni kusema kwamba mambo yamekwisha nyumbani. Kisheria hakuna kilichokwisha. Kupokea malipo ili kosa la namna hiyo lifichwe kunaweza kumgeuza mpokeaji naye kuwa mkosaji. Ni kweli kwamba sheria inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi, pale inapoona maslahi ya umma hayadai adhabu, lakini anayeamua ni mahakama, si kikao cha ukoo.

Dhana hii inadumu kwa sababu kesi nyingi hufa kweli mlalamikaji anapoacha kutokea mahakamani. Mtaani husemwa kwamba ameifuta, ilhali Jamhuri imebaki bila ushahidi. Vilevile, kesi iliyoondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka kabla ya hukumu haimkingi mshtakiwa asishtakiwe tena, na ndiyo sababu wapo wanaoachiliwa na hakimu kisha wakakamatwa tena hatua chache kutoka mlangoni.

"Nina RB yake, atalipa"

Chukulia muuza nafaka aliyemkopesha jirani yake shilingi 500,000. Tarehe ya ahadi ikapita, akaenda kituoni, akatoa taarifa, akatoka na karatasi ndogo yenye namba, ambayo mtaani huitwa RB. Jioni anasimama mlangoni kwa mdaiwa na karatasi yake mkononi: "Nina RB yako hapa. Lipa, au leo unalala ndani." Namba ile inatoka katika kitabu cha taarifa cha kituo, na inathibitisha kwamba taarifa imepokelewa, basi. Si hati ya kukamata, na haimpi aliyeishika mamlaka yoyote juu ya mtu mwingine.

Deni lenyewe si jinai. Mtu aliyekopa kwa nia njema akashindwa kulipa kwa sababu biashara imeanguka anapaswa kudaiwa kwa shauri la madai, ambalo kwa kiasi kama hicho linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Jinai huingia pale penye udanganyifu: amekuonyesha hati ya kiwanja kisicho chake, au amejitambulisha kuwa wakala wa kampuni isiyokuwapo, na kwa uongo huo ukatoa fedha. Hapo Jamhuri itatakiwa kuthibitisha kwamba uongo ulisemwa na kwamba msemaji alijua ni uongo. Kwa maoni yangu hakuna matumizi mabaya ya sheria ya jinai yaliyozoeleka kuliko haya ya kuifanya selo kuwa chombo cha kukusanyia madeni. Mdaiwa aliyefungiwa ndani hafanyi biashara, na asiyefanya biashara hana cha kulipa.

"Amekamatwa, basi ana hatia"

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Kutoka hapo ndipo ilipo mantiki ya dhamana. Anayedhaminiwa hajasamehewa wala hajanunua uhuru wake. Wadhamini wake wamesaini bondi, na kwa kawaida kiasi kilichoandikwa hudaiwa endapo atatoroka. Ofisa anayetaka "chochote" ili atoe dhamana anaomba rushwa. Yapo hata hivyo makosa yasiyo na dhamana, yakiwamo mauaji ya kukusudia, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, na huko mtu anaweza kukaa mahabusu muda mrefu akisikia kila tarehe ya kutajwa kesi kwamba upelelezi haujakamilika. Sheria inaruhusu, ila ni vigumu kuuoanisha utaratibu huo na roho ya ibara niliyoitaja.

Mahakama inapomwachia huru mshtakiwa, haisemi lazima kwamba hakutenda. Inasema kwamba Jamhuri haikuthibitisha shtaka bila kuacha shaka ya msingi, ambacho ni kipimo kizito kuliko kile cha kesi za madai. Wala kipimo hicho hakihesabiwi kwa vichwa. Sheria ya Ushahidi haitaji idadi maalumu ya mashahidi, hivyo shahidi mmoja anayeaminika anatosha, na Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba katika ubakaji ushahidi ulio bora hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Kukosekana kwa fomu ya PF3, ile ya polisi inayojazwa hospitali kuhusu majeraha, peke yake hakuui kesi.

"Wananchi wenye hasira kali"

Maneno haya ya kwenye habari yamefanya watu waone kwamba kumuua mwizi mtaani ni aina ya hukumu. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kwa sharti la kumkabidhi polisi bila kuchelewa, na ruhusa inaishia hapo. Kanuni ya Adhabu humhesabu mkosaji yule anayesaidia na anayechochea, pamoja na walioungana kwa nia moja ovu. Aliyeleta tairi, aliyemwaga petroli na aliyepiga kelele za "choma!" wanaweza kusimama kizimbani pamoja kwa shtaka la mauaji, ambalo adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa. Adhabu hiyo haijatekelezwa nchini tangu 1994, na tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba kuilazimisha bila kumwachia jaji nafasi ya kupima kunakiuka haki ya kuishi.

Wanaojitetea kwa kusema kwamba polisi huwaachia wezi mara nyingi wamemwona mtuhumiwa akirudi mtaani kwa dhamana, huku wao wenyewe hawajakwenda kutoa ushahidi.

"Mwizi akifungwa, mimi sipati kitu"

Mahakama iliyomtia mtu hatiani inaweza, pamoja na adhabu, kumwamuru alipe fidia kwa hasara au jeraha lililothibitika katika ushahidi, na kuagiza mali iliyopatikana irudishwe kwa mwenyewe. Wachache huifaidi nafasi hiyo, kwa kuwa hawakumwambia mwendesha mashtaka hasara yao ni kiasi gani, au hawakutunza risiti na karatasi za hospitali. Maelezo hayo yanatakiwa yawe mikononi mwake kabla shahidi hajapanda kizimbani.