Farumi ya maji ni nini, na kwa nini inaogopwa

Watu wa majahazi neno farumi wanalijua, ni ule uzito unaotiwa chini ya chombo kikiwa kitupu ili kisiyumbe, zamani ilikuwa mchanga na mawe basi. Meli za leo farumi yake ni maji ya bahari, zinayavuta kwa pampu pale zinaposhusha mzigo na kuyamwaga zinapofika kupakia, na hapo ndo tatizo linapoanza, mana maji yale yana mayai ya samaki, watoto wa kaa, chaza wadogo hata kwa macho huwaoni.

Wengi wanakufa njiani. Lakini wakibaki wachache wakakuta joto lile lile walilozoea, chakula kipo na wa kuwala hayupo, wanazaana mpaka wenyeji wanakosa pa kukaa. Bahari Nyeusi miaka ya 1980 iliingiliwa na mdudu laini mfano wa yavuyavu kutoka Marekani, akala mayai ya samaki na chakula chao, wavuvi wa dagaa wakalia. Sisi Unguja tuna kunguru, aliletwa makusudi miaka ya 1890 ale taka, na hadi leo anamaliza makinda ya ndege wetu. Na huyo yuko juu ya mti unamuona kabisa, sembuse kitu kilicho chini ya maji!

Ila si kila kigeni kibaya jamani, mbegu ya mwani wanaolima kinamama wa Paje na Jambiani ilitoka Ufilipino. Kinachoogopwa ni kile kinachowafukuza wenyeji.

Kwa hiyo kudhibiti hatari maana yake ni kuzuia kabla, mana kikishaingia hukitoi. Kwanza unauliza meli ilivuta maji wapi, ikiwa ni bandari yenye joto sawa na hapa kwetu bandari ya Malindi, Unguja, hofu inazidi. Mkataba wa dunia wa 2004, ulioanza kazi Septemba 2017, uliruhusu kubadilisha maji bahari kuu, maili 200 za baharini au zaidi kutoka pwani, kina mita 200 au zaidi, mana viumbe wa pwani kule hawaishi. Sasa hivi inatakiwa meli iwe na mtambo wa kuyachuja maji na kuua viumbe waliomo kwa dawa au miale.

Tena kuna vinavyoganda ubavuni mwa chombo. Hili mafundi wetu wanalo zamani, chombo kinapwelezwa bamvua, yaani maji makubwa yakishatoka kinabaki pakavu, kinakwanguliwa, kinapakwa deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Lakini chombo kikiwa kimetoka mbali, yale makwanguo yazoeni mkayafukie juu nchi kavu, mkiyaacha mchangani maji yakijaa yanarudi baharini.