Kifo cha kudumu katika michezo ya shimo

Kifo cha kudumu ni kanuni ya mchezo wa kompyuta inayosema kwamba mhusika akifa hafufuki, na mchezaji hana budi kuanza upya na mhusika mwingine. Kanuni hii ilienea hasa kupitia Rogue, mchezo uliotungwa mnamo mwaka 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz. Skrini yake ni herufi na alama tupu: mchezaji ni @, wanyama wakali na mazimwi ni herufi kubwa kuanzia A hadi Z, na kazi ni kuteremka shimoni hadi tabaka la 26, kuichukua Hirizi ya Yendor na kupanda nayo hadi juu.

Kijana wa Bukavu aliyezoea michezo ya mpira, ambamo mtu akifungwa anaanza mechi nyingine bila hasara, huenda akaiona kanuni hii kuwa ya kikatili. Mimi naiona ndiyo inayoupa mchezo huu thamani yake. Rogue inaruhusu kuhifadhi, lakini kwa ajili ya kupumzika tu, kwani ukirudi mchezoni faili uliyoihifadhi inafutwa. Shimo nalo hupangwa upya kila unapoanza, na hata dawa hubadilishiwa rangi, hivi kwamba ile ya buluu iliyokuponya jana yaweza kukupofusha leo. Kinachobaki ni ujuzi wa mchezaji mwenyewe: kwamba ukizingirwa urudi kwenye ujia mwembamba, ambako maadui hukufikia mmoja mmoja, kwamba dawa usiyoijua uionje ukiwa na nguvu, si ukiwa mahututi, kwamba chakula huisha, na anayekawia mno katika tabaka moja hufa njaa. Tena hakuna haraka, kwa kuwa adui hasogei mpaka wewe usogee, kama katika dama, na bado wanaoanza wengi hufa kwa kubonyeza bila kutazama.

Si michezo yote ya enzi hiyo iliyokuwa na msimamo huo. Katika Wizardry, ya mwaka 1981, maiti hupelekwa hekaluni na kulipiwa ili ifufuliwe. Ufufuo ukishindikana inageuka majivu, na kuyafufua majivu nako kukishindikana, mhusika amepotea kabisa.

Kwa anayecheza Rogue huku kwetu, kuna jambo ambalo watunzi hawakulipangia: umeme ukikatika kabla hujahifadhi, safari yote imepotea, kwa maana faili ya zamani ilikwisha kufutwa. Afadhali kutumia kompyuta mpakato yenye betri nzima, na kubonyeza S kubwa ili kuhifadhi betri inapopungua. Kibodi zetu za Kifaransa hazileti shida katika kutembea, kwa sababu h, j, k na l za kwenda pande nne, pamoja na y, u, b na n za kwenda mshazari, zimekaa palepale zilipo kwenye kibodi za Marekani. Mwenye simu ya Android tu anaweza kuanza na Shattered Pixel Dungeon, mchezo wa bure wa ukoo huohuo, wenye picha badala ya herufi na kifo kilekile. Ukishapakuliwa unachezwa bila kutumia mega hata moja.