Je, wajua? Karatasi ya mkataba ikikosekana, anayeulizwa ni mwajiri

Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kuanzia Muheza hadi Korogwe, kuna kauli inayorudiwa kila kibarua anapoambiwa kesho asije: "Huna mkataba, huna kesi." Wanyapara huisema, majirani huisema, na hata watu waliosoma huikubali, kwa kuwa inafanana na mambo tuliyoyazoea. Asiye na risiti harudishiwi hela dukani, basi asiye na mkataba atadai nini?

Kauli hiyo si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar ina yake), haisemi kwamba ajira ni batili bila maandishi. Mwanzoni mkataba wa maandishi iliulazimisha kwa mtu anayeajiriwa kwenda kufanya kazi nje ya Jamhuri ya Muungano tu; marekebisho ya baadaye yakaongeza na kazi ya ndani ya nchi. Hata hivyo, aliyefanya kazi kwa maneno ya mdomo kama "njoo kesho alfajiri, utalipwa kwa tita" hapotezi haki zake kwa sababu tu hakuna karatasi. Zinazotakiwa kuandikwa pia ni taarifa za ajira: jina, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, kituo cha kazi, saa za kazi, ujira na jinsi unavyokokotolewa. Jukumu la kuziandika ni la mwajiri. Yeye ndiye anayetakiwa kumpa mfanyakazi nakala, kisha azitunze kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha. Kwa hiyo karatasi isipokuwepo, aliyevunja sheria ni mwenye ofisi, wala si mwenye panga.

Sheria haikuishia hapo. Kifungu cha 15 kinasema kwamba shauri likifika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au taarifa hizo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Kibarua akisema alikubaliwa Sh 10,000 kwa siku, na mwajiri akasema ilikuwa Sh 6,000, mwajiri asiye na karatasi ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba ile 10,000 si kweli. Karatasi ambayo watu hudhani ni ngao ya mwajiri, ikikosekana inamgeukia.

Ili kuona uzito wa jambo hili, mtu akumbuke kipande, ile kadi ya kazi. Enzi za mkoloni, kibarua wa mkonge alipewa kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi, na alitakiwa azijaze ndani ya siku 42. Siku ambayo kazi haikukubaliwa haikuandikwa. Aliyeandika alikuwa upande wa bwana shamba, na kibarua hakuwa na kumbukumbu nyingine ya kumpinga. Aliyeshika kalamu alishika na haki. Sheria ya leo imemwacha mwajiri na kalamu yake, ila imemtwika na wajibu wa kujibu.

Mantiki yake ni ile ile ya fundi baiskeli wa Ngamiani. Umempelekea baiskeli nzima asubuhi, jioni unakuta gurudumu la nyuma halipo. Hakuna atakayekutaka uthibitishe nani kaling'oa, saa ngapi, na kwa spana ipi, hukuwepo. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba baiskeli uliiacha kwake. Ukishaonyesha hilo, anayeeleza ni fundi, maana banda ni lake, vijana ni wake, na yaliyotokea humo anayajua yeye. Akikaa kimya, kimya chake kinamhukumu. Kumwambia mwenye baiskeli athibitishe kila kitu ni sawa na kumpa ushindi anayeficha zaidi. Ndivyo ilivyo kwenye kuachishwa kazi: mfanyakazi akishaonyesha kwamba ameachishwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa.

Hata hivyo, kuonyesha kwamba baiskeli uliiacha ni kazi yako, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwajiri akisema "huyu hakuwa mfanyakazi wangu, alikuwa anapita tu", Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inataja dalili saba, na ikipatikana hata moja, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa vifaa, anamfanyia kazi mtu mmoja tu, anamtegemea mtu huyo kwa kipato chake. Dalili nyingine ni ya hesabu: wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mkataji anayeingia shambani siku 2 kwa wiki, saa 6 kila siku, ana saa 48 kwa wiki nne. Amevuka. Kuitwa "deiwaka", yaani kibarua wa siku, hakumwondoi.

Ushahidi wake basi uwe wa vitu vidogo: ujumbe wa malipo kwenye simu (usifutwe), hesabu ya matita aliyoandikiwa, kila tita majani 30, majina ya wenzake wa kundi moja, picha ya daftari la getini. Na ajue mipaka. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, ingawa ujira alioutolea jasho na notisi yake vinabaki. Baada ya mwezi wa kwanza, notisi ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki, na siku 28 kwa wa mwezi. Tena mwajiri akidai "alitoroka mwenyewe", mfanyakazi atatakiwa kwanza aonyeshe kuwa alifukuzwa. Hapo shahidi aliyesikia maneno ya mnyapara ana thamani kubwa.

Shauri hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa Fomu namba 1. Kuachishwa kazi: ndani ya siku 30. Madai mengine: siku 60. Aliyechelewa hujaza Fomu namba 2 na kiapo, aeleze sababu. Makosa yanayoua mashauri ni matatu: kuandika jina la shamba badala ya jina halisi la mwajiri, kupeleka fomu Tume kabla ya kumpa mwajiri nakala na kupata uthibitisho kwamba ameipokea, na kujaza sehemu B, ambayo ni ya kuachishwa kazi pekee, wakati dai ni la mishahara tu.

Swali la nani mwenye daftari haliishii kwenye geti la korona, ule mtambo unaomenya majani kupata singa, yaani nyuzi za mkonge. Katika kilo 100 za majani, singa kavu ni kama kilo 4. Zinazobaki ni nyama ya jani na maji yenye sukari na asidi, yanayotoka na mfereji. Yakifika mtoni samaki hufa, na watu husema mto umetiwa sumu. Kwa kawaida kinachowaua ni kukosa hewa: bakteria hula ile sukari, na katika kula wanaimaliza oksijeni iliyomo majini. Ndiyo maana kiwango cha Tanzania hupima hamu hiyo ya oksijeni, kisichozidi miligramu 30 kwa lita ndani ya siku 5, na uasidi kati ya pH 6.5 na 8.5.

Mwanakijiji wa bondeni hana kipimo hicho, kama kibarua asivyo na daftari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kwenda mahakamani kuitetea. Kugeuza mzigo wa ushahidi haikufanya kwa uwazi kama sheria ya kazi, na huo ni upungufu wa kweli. Lakini gharama ya kupima imemwekea mwenye mradi: tathmini ya athari hufanywa kwa fedha zake kabla ya kujenga, kisha hujikagua na kutoa ripoti. Kumwaga majitaka mtoni kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, na kwa mito ya Zigi, Mkulumuzi na Pangani ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Raia anaweza kuomba taarifa kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na ofisi ya umma inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ombi litaje korona ipi, mfereji unaingia mto gani na karibu na kijiji gani, na liulize mambo mawili: masharti ya kibali, na vipimo vya mwisho vilivyowasilishwa.