Kocha, leo sijaumwa, zoezi halijaniingia

Jumanne ya wiki hii saa kumi na mbili kasoro asubuhi simu inalia, voisi ya WhatsApp, dada mmoja ninayemfundisha tangu Machi, sauti imepoa kabisa utadhani kafiwa. "Kocha samahani, nimeamka siumwi popote, nadhani jana kuna kitu nilikosea." Mtu kaamka mzima wa afya anaomba msamaha!

Nafundisha mazoezi hapa Dar mwaka wa 11 sasa na hiyo sentensi nimeisikia mpaka nimekinai. Inazidi kila Januari na kila baada ya sikukuu, watu wamechoshwa na ratiba ileile, tredmili dakika 20, siti-apu 30, nyumbani, miezi nane hamna kinachobadilika, basi wanaingia mtandaoni wanaokota chalenji ya mwili mzima, siku 30, bapi mia (unachuchumaa, unatupa miguu nyuma, unairudisha, unasimama), skwoti mia mbili (kuchuchumaa na kuinuka), kichura, planki (kujishikilia kama ubao juu ya viwiko) mpaka utetemeke, wanasema mwili umezoea lazima uushtue. Na mimi niseme mapema, chalenji sina ugomvi nayo, ratiba ikishapoa hata mimi huwa naitafuta, mkiwa kikundi inachangamsha sana. Tatizo langu ni imani mnazokuja nazo.

"Nisipoumwa kesho yake zoezi halijaingia"

Hii ndiyo inayonipandisha presha kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu, mnivumilie.

Yale maumivu ya kesho yake yanakuja zaidi pale msuli unapofanya kazi huku unarefuka. Ukishuka kwenye skwoti paja linajikaza kukuzuia usidondoke na wakati huohuo linavutwa, linafanya kazi ya breki, na usipoizoea hiyo breki nyuzi za msuli zinachanika vichaniko vidogo sana ambavyo huwezi kuviona kwa macho, alafu mwili unaleta mafundi wake pale, panavimba kidogo, ukigusa panauma. Inaanza saa 12 mpaka 24 baadaye, inafika kileleni siku ya pili au ya tatu, ndani ya wiki imeisha. Na sio asidi ya laktiki, naomba hiyo tuizike leo, ile ukipumzika saa moja hivi damu imeshaisafisha, sasa itakuumizaje Alhamisi kwa zoezi la Jumanne?

Muulize yeyote aliyepanda Mlima Kilimanjaro. Kupanda ndiko kunakokata pumzi, lakini mapaja yanakufa wakati wa kushuka, toka Uhuru mita 5,895 mpaka lango la Mweka kama mita 1,640, yaani zaidi ya mita 4,000 za kushika breki kwa miguu. Mgeni akifika hotelini Moshi anashuka ngazi kinyumenyume kashikilia ukuta, wakati mpagazi aliyembebea mzigo yuko kijiweni anakunywa chai anasubiri safari nyingine. Kwa akili hii ya kuumwa mgeni ndiye aliyefanya mazoezi, mpagazi katembea tu!

Mwili ukishapigwa na zoezi geni mara moja unajikinga, na kinga hiyo inadumu wiki kadhaa, zoezi lilelile likirudi linauma kidogo sana au haliumi kabisa huku misuli inaendelea kujengeka vizuri tu. Kwa hiyo maumivu yanapima ugeni wa zoezi. Ukitaka kuumwa kila siku rahisi sana, fanya kitu kipya kila siku, utaumwa mwaka mzima na hutakuwa na nguvu ya kuonyesha.

Sasa mtu anayeamini maumivu ndio risiti akiyakosa anaongeza, na akiyapata anaendelea juu yake. Mwaka juzi kaka mmoja, kazi yake ya ofisini, alikuwa ametoka safari ya wiki sita hajagusa zoezi lolote, akakuta wenzake wamefungua grupu la chalenji, anayeacha njiani analipia wote chakula cha mchana. Siku ya kwanza skwoti 200 na kichura 100. (Kichura shuleni tulirushwa kama adhabu, sijui ni lini kimegeuka kuwa afya.) Siku ya pili mapaja yamejaa kama yamepuliziwa upepo, choo chao ni cha kuchuchumaa, anasimulia alining'inia kwenye kitasa cha mlango. Grupu linamwambia hapo ndio zoezi limeingia kaka, usiachie. Akameza diklofenaki akaenda akafanya tena. Siku ya tatu saa tano usiku ananitumia picha, kopo la plastiki lina kitu cha kahawia, mimi nimesinzia nikamjibu "weka na tangawizi". Nilidhani chai ya rangi.

Ulikuwa mkojo wake.

Hiyo inaitwa rabdomaiolisisi. Msuli umevunjika kwa wingi mpaka vilivyomo ndani vinamwagika kwenye damu, kuna protini ya mayoglobini ambayo ndiyo inabadili rangi ya mkojo na ndiyo inayoumiza figo, na zile dawa za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake, zinapunguza damu inayoingia kwenye figo, sasa ukichanganya na kutokwa jasho bila kunywa maji unakuwa umezipiga figo kutoka pande mbili. Alilazwa siku nne anawekewa dripu. Alipona, anafanya mazoezi mpaka leo, ila akisikia neno chalenji anacheka cheko la upande mmoja.

Basi shikeni hii: misuli kukakamaa na kuuma ukiigusa, siku mbili tatu inapungua yenyewe, sawa, tembea tembea kidogo, oga, lala. Mkojo ukiwa rangi ya Coca-Cola au chai ya rangi, msuli umevimba unang'aa, nguvu hamna kabisa, mkono haunyooki, hapo ni hospitali usiku huohuo na unawaambia ulifanya zoezi gani ngapi, usijifiche. Na anayerudi baada ya kukaa muda mrefu ndiye ninayemwogopa kuliko anayeanza, kwa sababu kichwa chake kinakumbuka alikuwa anapiga ngapi na misuli imeshasahau.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Nimeusoma ule mwongozo, hamna mahali wameandika "na uumwe".

"Mwili umezoea, nibadilishe kila kitu"

Mwili umezoea, kweli. Ila nikimuuliza huyo mtu dambeli gani anatumia, ileile ya kilo 5 aliyoanza nayo. Mwili umezoea kilo 5, unataka 6, 7, au marudio mengi zaidi, au ushuke taratibu zaidi, huna haja ya kuhamia zoezi usilolijua. Ndio maana kila mtu wangu namlazimisha daftari. Daftari la karatasi, la shule, la buku, maana simu ukiishika unajikuta unaangalia vitu vingine. Unaandika zoezi, uzito, mara ngapi. Ukiangalia wiki nne nyuma ukakuta namba ni zilezile basi kilichopoa ni namba zako.

Na kama huna hela ya vyuma tafuta dumu la lita 20. Watu wananicheka na madumu yangu, lakini lita moja ya maji ni kilo moja, una kifaa ambacho kinapanda uzito kwa kikombe, nionyeshe gym yenye hicho kitu. Tena kwa mwili mzima linakusaidia jambo ambalo karibu chalenji zote za mtandaoni zimelisahau: kuvuta. Angalieni vizuri, pushapu ni kusukuma, skwoti ni kusukuma, bapi ni kusukuma, planki ni kujizuia, mgongo wa juu hauna kazi mwezi mzima alafu mtu anakuja kwangu mabega yameingia mbele, anaumwa hapa kwenye kiungo cha bega. Inama, mgongo unyooke, vuta dumu mpaka mbavuni mara 10 kila upande. Ukifanya chalenji yoyote ongeza hilo, usiniulize zaidi.

"Siku 30 mfululizo, ukipumzika umefeli"

Namba 30 imewekwa kwa sababu mwezi una siku 30, basi. Msuli unajengeka ukiwa unapumzika. Mwili mzima fanya Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, siku za katikati tembea au kimbia polepole na wale wa joging wa mtaani kwenu. Wiki ya kwanza fanya nusu ya walichoandika, hata kama unajiona unaweza, hasa kama unajiona unaweza. Mwenye presha, kisukari au mjamzito aongee na daktari wake kwanza, asiulize kwenye komenti.

"Tabata ni dakika nne tu, inatosha"

Aliyeipa jina, Izumi Tabata wa Japani, utafiti wake ulitoka 1996, na waliofanya walikuwa vijana wa kiume wanaosoma michezo, juu ya baiskeli za mazoezi, sekunde 20 kwa nguvu za kutisha, sekunde 10 kupumzika, mizunguko 7 au 8 mpaka pedali zinawashinda. Sasa wewe unafanya dakika nne huku unaimba na wimbo unaopiga, hiyo ni nzuri, nakupongeza, ila sio Tabata. Na bapi mnayopiga mia, Royal Burpee wa New York aliibuni miaka ya 1930 kama kipimo cha utimamu, unaifanya mara 4 unapimwa mapigo ya moyo, na haikuwa hata na pushapu wala kuruka. Mara nne! Ukishachoka kiuno kinaanguka, magoti yanaingia ndani, unachofanya baada ya hapo ni kujirusha chini. Mimi nahesabu zile safi tu, ikiharibika moja nasimamisha, wananuna.

"Jasho ndio mafuta yanayeyuka"

Ni maji na chumvi. Februari hapa Dar ukisimama tu kituoni kusubiri daladala unalowa, mbona hukondi? Mtu anajifunga nailoni tumboni anakimbia Coco Beach saa tatu asubuhi, mizani inasoma kilo moja pungufu, anakunywa lita moja ya maji inarudi, alafu kwa unyevunyevu wa pwani jasho halikauki kwenye ngozi kwa hiyo halikupoozi, na wewe umelifungia ndani. Unajichemsha. Vueni hizo nailoni jamani.

"Planki itatoa kitambi"

Haitoi. Planki inakaza misuli iliyo chini ya kitambi, kitambi chenyewe kinapungua mwili mzima ukipunguza mafuta, huchagui pa kuanzia. Na bapi mia moja hazifikii sahani moja ya chipsi mayai, kwa hiyo hilo lipeleke jikoni.

"Vyuma vitanifanya niwe kama mwanaume"

Dada, homoni ya kukujaza vile unayo kidogo mno, wanaume wenyewe wanayo nyingi na bado wanahangaika miaka. Nyanyua.

Sasa yule wa Jumanne. Nilimpigia nikamwambia kalete daftari. Machi alikuwa anapiga skwoti 12 mikono mitupu, tena kwa kushikilia kiti. Jumatatu, siku ya zoezi aliloliombea msamaha, alipiga 15, seti tatu, kakumbatia dumu lililojazwa nusu, kilo 10. Nikamwambia nisomee namba zote mbili kwa sauti. Akasoma. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo kocha nifanyeje?"

"Ongeza lita mbili."